Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji ni Nani?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imekuwa wimbo wa kila hotuba ihusuyo utalii nchini Kenya. Waziri huitumia anapozindua hoteli, gavana huitumia anapokata utepe, na mwanafunzi huinakili katika insha yake akitarajia alama. Hata hivyo, methali yenyewe imetuachia swali ambalo aghalabu hatuliulizi. Mgeni tunamfahamu, kwa maana tunamwona akishuka chomboni na kamera yake shingoni. Mwenyeji anayepaswa kupona ni nani? Je, ni yule aliyempokea bandarini, yule aliyemuuzia tiketi, au yule ambaye maji yake, mti wake na historia yake ndivyo vilivyomleta mgeni huyo?

Katika makala haya nakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuitazama aina moja ya utalii, nayo ni ziara ya siku moja wanayofanyiwa abiria wa meli za kitalii. Kisha nitauliza kaunti mbili za bara, Kitui na Makueni, zinahusikaje na jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la Wapwani peke yao.

Kwanza tuielewe biashara yenyewe. Meli ya kitalii hutia nanga alfajiri na kung'oa nanga jioni ya siku hiyohiyo. Abiria amekwisha kulipia chumba, chakula na burudani kabla hajaondoka kwao. Akishuka hana haja ya kitanda, na mara nyingi hana haja kubwa ya chakula. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali, kusimuliwa habari zake, na kurejeshwa melini kwa wakati. Ziara hizo huuzwa ndani ya meli yenyewe, na kampuni ya meli hujiwekea faida yake juu ya bei ya wenyeji. Isitoshe, abiria aliyenunua ziara ya meli husubiriwa basi lake likichelewa, ilhali aliyejitafutia kiongozi wake mitaani anaweza kuachwa gatini. Kwa hiyo hofu ya kuachwa humsukuma abiria kununua ziara ya meli, na kijana wa mtaani ajuaye kila kichochoro hubaki akipunga mkono.

Tutazame mfano wa mbali ili tuone vyema wa karibu. Abiria wa meli kubwa wanaokwenda kuuona mji wa Ho Chi Minh, uliokuwa ukiitwa Saigon, kusini mwa Vietnam, aghalabu hushukia bandari ya Phu My. Kutoka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo wa basi wa kiasi cha saa moja na nusu au mbili. Muda wao mjini ni mfupi, na njia yao yajulikana: kanisa kuu lililojengwa enzi ya Wafaransa, jengo la posta lililo jirani yake, soko la Ben Thanh, jumba la makumbusho ya vita, na ikulu ya zamani ambayo lango lake lilivunjwa na vifaru tarehe 30 Aprili 1975, siku vita vilipokwisha.

Ukiyatafakari hayo, utagundua kwamba mengi ya majengo hayo yalijengwa na mkoloni au yalihusiana na vita vya uchungu. Hata hivyo, mgeni hasikii habari hizo kwa kinywa cha Mfaransa wala cha Mmarekani. Hutembezwa na Mvietnam, na simulizi huwa ya Kivietnam. Jambo hili si la bahati. Sheria ya utalii ya nchi hiyo ya mwaka 2017 inataka mwongoza watalii awe raia wa Vietnam na awe na leseni. Mtu anaweza kuipinga simulizi hiyo na kusema kwamba imepakwa rangi na serikali, na pengine atakuwa na haki. Lakini hawezi kukana kwamba Vietnam imeshika mambo mawili: simulizi na msimuliaji. Mgeni akibaki saa nane tu, huondoka amesikia Wavietnam wanavyojiona wenyewe.

Sasa turudi Mombasa. Meli ya kitalii ikifunga gati Kilindini, abiria hugawanywa makundi. Wapo wapelekwao Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na ambayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wapo waingiao vichochoro vya Mji wa Kale, na wengine huenda Bamburi kuitazama bustani ya Haller iliyofufuliwa kutoka machimbo ya mawe ya saruji. Wapo wapelekwao Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba, wakaone vinyago vikichongwa. Na wale wenye hamu ya tembo na simba hupandishwa magari kuelekea Tsavo Mashariki, ambako Voi iko kama kilomita 160 kutoka pwani. Iwapo meli ina abiria 2,000 na nusu yao wakaamua kwenda mbugani, yatahitajika magari zaidi ya 140 yenye viti saba kila moja. Hiyo si biashara ndogo kwa siku moja.

Katika orodha hiyo yote, majina ya Kitui na Makueni hayatajwi. Hata hivyo, nadiriki kusema kwamba mgeni huyo hukutana na Ukambani tangu asubuhi hadi jioni pasipo kuambiwa.

Tuanze na maji. Sehemu ya maji yanayotumika Mombasa hutoka Mzima, chemchemi iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, na bomba lake limekuwapo tangu miaka ya 1950. Chemchemi hiyo huzaliwa na mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo Makueni yavimiliki pamoja na majirani zake wa Kajiado na Taita Taveta. Vilima hivyo ni vya volkano. Mawe yake yana vinyweleo, hivyo mvua haitiririki juu bali huzama, husafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita, kisha hububujika ikiwa safi kama kioo. Msitu wa Chyulu ukifyekwa, Mombasa itaona kiu. Lakini ni abiria gani aliyewahi kuambiwa, anaponawa mikono katika hoteli ya Mombasa, kwamba ananawa mvua ya Chyulu?

Tuje kwenye vinyago. Sanaa ya uchongaji wa kuuza miongoni mwa Wakamba husimuliwa kwamba ilianzishwa na Mutisya wa Munge wa Wamunyu, katika Machakos ya leo, aliyejifunza ufundi huo huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kutoka Wamunyu ufundi ulienea Ukambani kote, na wachongaji wakahamia Nairobi na Mombasa walikokuwa wanunuzi. Miti waliyoitegemea, hasa mpingo na muhugu, ilipungua sana, na tangu miaka ya 1990 wamehimizwa kutumia mwarobaini na mwembe. Mgeni hununua twiga wa mti na kuambiwa kuwa ni "sanaa ya Kiafrika". Nimewahi kusimama dukani na kumsikia msimulizi akiwaambia wageni kwamba kinyago kilichochongwa na Mkamba ni cha Wamasai, kwa sababu jina la Wamasai ndilo wageni wanalolifahamu. Mchongaji mwenyewe alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, tezo mkononi, akanyamaza. Alikuwa amejifunza kwamba jina lake halina bei.

Na tembo je? Mpaka wa mbuga ni mstari wa ramani tu, na tembo hasomi ramani. Upande wa kaskazini wa Tsavo Mashariki wapakana na ardhi ya Kitui, na huko Ithumba ndiko Shirika la Sheldrick linakorudisha porini tembo waliolelewa yatima. Huko Kibwezi, Makueni, karibu na chemchemi za Umani, shirika hilohilo lina kituo kingine. Mgeni humpiga tembo picha mchana akafurahi. Usiku tembo huyohuyo huweza kuvuka na kula mahindi ya mjane wa Mtito Andei. Ada ya kiingilio cha mbuga hupokelewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na hasara hupokelewa na mjane. Sisemi kwamba tembo wafukuzwe. Nasema kwamba mjane huyo naye ni mwenyeji, na methali yetu yamhusu.

Hata barabara na reli husimulia habari hizo kwa anayejua kusikiliza. Mtito Andei ni jina la Kikamba lenye maana ya msitu wa tai. Sultan Hamud lilipata jina kutokana na Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar aliyezuru huko reli ilipokuwa ikijengwa. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, kumbukumbu ya mafundi na vibarua wa reli kutoka India, na hadi leo msafiri wa dini yoyote hukaribishwa chakula pasipo kudaiwa. Reli ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Ile ya kisasa ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ikiwa na vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Wazee wa Ukambani husimulia kwamba nabii Syokimau aliitabiri ile ya kwanza, akasema nyoka mrefu atakuja akitokea majini. Abiria wa treni huyapita haya yote kwa kasi, akitazama dirishani vichaka vya kijivu na kudhani kwamba hapana kitu.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote ni wa mtu. Naye ni Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Enzi hizo Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu baina ya bara na pwani. Misafara yao ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na chumvi. Kivoi aliijua njia hiyo, visima vyake na hatari zake. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai, alifunga safari ya bara na kufika kwa Kivoi, akawa mgeni wake. Kivoi ndiye aliyempa habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa huko Kitui, Krapf akauona kwa mbali. Wataalamu wa Ulaya walimdhihaki, hawakuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta, hadi safari za baadaye, ile ya Joseph Thomson ya mwaka 1883 ikiwa mojawapo, zilipothibitisha.

Mwaka 1851 Krapf alirudi kwa Kivoi, wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Njiani walishambuliwa. Kivoi akauawa, na Krapf akanusurika kwa taabu kubwa.

Sasa niulize walimu wenzangu: katika madarasa yetu tumefundisha mara ngapi kwamba "Krapf aligundua Mlima Kenya"? Na ni mara ngapi tumefundisha kwamba Kivoi alimwonyesha? Jina la nchi hii, kama wanavyoeleza wengi, liliingia katika maandishi ya Wazungu kwa kupitia matamshi ya Wakamba waliomwambia Krapf. Kwa maneno mengine, jina la jamhuri yetu lina deni kwa mwongoza wageni wa Kitui. Kivoi alikuwa na njia, alikuwa na habari, alikuwa na ukarimu, na mwisho alitoa uhai. Krapf alikuwa na kalamu. Kalamu ikashinda.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Katika ziara ya siku moja, hata katika ziara ya mwezi, mali kubwa kuliko zote ni simulizi. Mwenye gari hulipwa mara moja. Mwenye kinyago hulipwa mara moja. Lakini anayeshika simulizi ndiye anayeamua gari lisimame wapi, kinyago kiitwe cha nani, na nani aitwe mwenyeji. Kitui na Makueni zimekuwa zikitoa maji, miti, wanyama, njia na hata jina, kisha zikawaachia wengine masimulizi. Ndiyo maana mwenyeji hajapona.

Je, tiba ni kuwaleta abiria wa meli hadi Kitui? La. Tusijidanganye, kwa kuwa hesabu haikubali. Kutoka Mombasa hadi Mtito Andei ni takriban kilomita 240, na hadi mji wa Kitui kupitia Kibwezi ni zaidi ya kilomita 400. Abiria mwenye saa kumi na mbili hawezi kwenda na kurudi. Kaunti yoyote itakayojenga hoteli kwa matumaini ya watalii wa meli itajenga makazi ya popo.

Tena meli ni mgeni asiyetegemeka. Mnamo Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit katika bahari ya Somalia, na mwaka 2009 wakaijaribu MSC Melody karibu na Ushelisheli. Kampuni nyingi zikaikwepa bahari yetu kwa miaka. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ukazifunga bandari. Tangu Novemba 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yakavuruga upya njia za meli. Mtu wa pwani huyumba kila meli zinapokoma. Tusimwalike mtu wa bara ayumbe pamoja naye.

Tiba ninayoipendekeza ni nyingine, nayo ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kwamba Ukambani utajwe pale ulipo tayari. Kinyago kiuzwacho Changamwe kibebe jina la mchongaji na la kijiji chake. Kiondo kiwe na jina la mama aliyekisuka na la mahali alipokisukia, awe wa Kitui au wa Makueni. Mwongoza watalii wa Tsavo aeleze Mzima imetoka wapi. Haya hayahitaji barabara mpya wala mkopo wa benki. Yahitaji karatasi, wino na mtu aliyefundishwa. Nchini mwetu kipo Chuo cha Utalii cha Kenya tangu mwaka 1975, na chama cha waongoza watalii chenye mitihani ya ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Vijana wa kaunti hizi mbili wafadhiliwe wafanye mitihani hiyo, ili wanapopanda magari ya Mombasa wapande wakiwa wasimulizi, wala si wabeba mizigo.

Sehemu ya pili ni kuandaa ziara za siku moja za kwetu, kwa wageni wanaoweza kufika. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imezikabidhi kaunti utalii wa mashinani, kwa hiyo hakuna haja ya kuisubiri Nairobi. Na mgeni wa kwanza si Mzungu, ni mwanafunzi wa Kenya. Kutoka Nairobi mtu hufika Kitui asubuhi na kurudi jioni. Anaweza kuupanda mwamba wa Nzambani, ulio karibu na mji, na kusikia hadithi maarufu kwamba anayeuzunguka mara saba hugeuka jinsia. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui iliyotiwa lami katika miaka ya karibuni imeziunganisha kaunti hizi mbili, ikikatiza bonde la mto Athi na nyanda za Yatta, ambazo ni mojawapo ya mikondo mirefu kabisa ya lava iliyoganda duniani, ikinyooka kiasi cha kilomita 300. Mwalimu wa jiografia atake darasa gani zaidi?

Na kipo kivutio kimoja ambacho kwa maoni yangu chapita vyote, ingawa hakimo katika vitabu vya watalii: mabwawa ya mchanga. Jamii hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu. Mvua ikija, mto hubeba mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta. Maji hukaa kati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii kwa urahisi, na kiangazi watu huchimba na kuyapata. Shirika la SASOL pamoja na wanavijiji limejenga mamia ya mabwawa hayo Kitui tangu miaka ya 1990, na Makueni nayo ina mengi, hasa kwa juhudi za vikundi vya kina mama na wanaume wa vijijini. Wahandisi na wasomi kutoka nchi za mbali wamekuja kujifunza. Huu ni utalii wa heshima. Mgeni haji kuionea huruma kiu yetu, bali huja kusoma namna tulivyoishinda.

Najua yupo atakayesema: "Bwana mwandishi, watu wa Mutha na Kathonzweni wanahitaji maji na chakula, nawe wawaletea hadithi za Kivoi." Pingamizi hili ni la haki na lastahili kujibiwa. Sidai kwamba simulizi huondoa ukame. Nadai kwamba ukosefu wa simulizi umesaidia kuudumisha umaskini. Eneo ambalo nchi nzima hulijua kwa njaa peke yake hupelekewa magunia ya msaada. Likijulikana kwa chemchemi, ufundi na maarifa, litaweza kudai sehemu yake katika maji yanayokunywewa Mombasa, katika ada za mbuga, na katika bei ya kinyago. Mtu hulipwa kwa kile ambacho wengine wamekubali kwamba ni chake.

Hapo pia ndipo penye hatari, nayo yafaa ielezwe waziwazi. Simulizi likianza kuzaa pesa, watazuka wa kulitia chumvi. Tutasikia kwamba Kivoi alikuwa mfalme, kwamba Syokimau alitaja jina la waziri fulani, na kwamba kila pango lililala shujaa. Mgeni wa siku moja hana nafasi ya kuhakiki, atameza yote. Zaidi ya hapo, wapo watakaowapanga watoto mstari wacheze ngoma vumbini kwa sarafu. Hiyo itakuwa biashara ya unyonge. Mipaka iwekwe mapema: lisemwe lililothibitishwa, lililo hadithi liitwe hadithi, na mtoto abaki darasani.

Sehemu ya tatu, basi, ni ya walimu na wanafunzi. Simulizi sahihi haliandikwi na afisa wa utalii, huandikwa na mtafiti mwenye subira. Kitui ina Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kule Kwa Vonza, kilichopata hati yake mwaka 2013. Kaunti zote mbili zina mamia ya shule, na kila shule imezungukwa na wazee ambao kila mwaka hupungua. Kila darasa la historia na likusanye, katika muhula mmoja tu, maana ya majina ya mahali palipo katika mwendo wa nusu siku kwa miguu: nani alilitoa jina la mto huu, kwa nini kilima kile kikaitwa hivyo, njia ya misafara ilipita wapi, nani alijenga bwawa na kwa mikono ya nani. Waandike kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Walinganishe masimulizi ya wazee wawili au watatu kabla ya kuyakubali. Kazi hizo zihifadhiwe katika maktaba ya shule na nakala yake ipelekwe kaunti. Katika miaka mitano tutakuwa na hazina ambayo hakuna kampuni ya meli iwezayo kuinunua kwingine.

Na mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo hatakuwa ameandaa utalii peke yake. Atakuwa amejifunza kutofautisha ushahidi na uvumi, kusikiliza mkubwa kwa adabu na kumhoji kwa adabu, na kutambua kwamba historia haianzi siku ambayo mgeni mwenye kalamu amewasili. Hata asipowahi kumwongoza mtalii maishani mwake, elimu hiyo haitamtupa.

Krapf alipofika Kitui, palikuwa na mtu mmoja aliyeijua njia na mwingine aliyejua kuiandika. Leo vijana wetu waijua njia na wajua pia kuandika. Kama bado kinyago cha Mkamba kitauzwa kwa jina la kabila jingine, na mvua ya Chyulu kunywewa bila ya kutajwa, basi hatutakuwa na Mzungu wa kumlaumu. Mgeni na aje. Lakini kabla hajafika, mwenyeji na ajue jina la kilima kilicho nyuma ya nyumba yake.